Hyasinta Alivyojifunza Kulisha Watu Nainokanoka

Huko Mbagala Hyasinta hakuwahi kuwa na kibao cha mgahawa, wala hakukihitaji. Sauti yake ilitosha. Alikuwa akisimama mlangoni na mwiko mkononi, anaita, "Kaka mwenye shati la bluu, unapita wapi na maharage ya nazi yanakulilia humu ndani?" Basi hata mtu aliyekwisha kushiba alikuwa anarudi kutazama ni maharage gani hayo yanayojua kulia. Makuli wa soko walimpenda, makondakta walimpenda, na mafundi gereji walikuja kula kwake hata siku ambayo hawakuwa na njaa, ili wataniwe tu. Miaka yote hiyo alilisha watu kwa mikono na kwa mdomo, akadhani ni kazi moja.

Barabara ikapanuliwa, banda lake la chakula likaondoka. Hyasinta hakulia sana, kwa kuwa si mtu wa kulia sana. Mume alishatangulia mbele za haki, binti yake yuko shule ya bweni, na yeye mwenyewe afya anayo. Akawa anakaa barazani kwa dada yake anachagua mchele usio na mawe, mpaka siku alipopigiwa simu na Angelina.

Huyu Angelina ni Mwiraqw wa Karatu. Zamani walipika pamoja pale Mbagala, mmoja jikoni, mwingine kwenye vyombo, kisha Angelina akarudi kwao akafungua mgahawa wake karibu na stendi.

"Shoga, njoo huku kwetu," akasema kwenye simu. "Huku juu kuna mahali watu wanatembea nusu siku hawajaona sahani ya wali."

"Juu wapi?"

"Nainokanoka. Wewe panda basi. Juu utapaona ukifika."

Hyasinta akapanda basi. Alibeba masufuria, mwiko wake, nazi kavu kwenye kiroba, na kanga ya kujitanda kwa ajili ya baridi.

Angelina alipomwona anashuka na ile kanga, akashika kiuno. "Unaenda wapi na hilo ganda la kitunguu?"

"Si umeniambia kuna baridi?"

"Hapa Karatu ni baridi ya kukusalimia tu. Kule unakokwenda inakukumbatia. Haya, kwanza ule."

Akamwekea bakuli la makande na kikombe cha maziwa mgando, na Hyasinta alipokuwa anakula, Angelina akaanza kumfundisha mji, huku anahudumia wateja na kufukuza kuku.

"Sikiliza, dada Hya. Hapa ukitaka kula vizuri, usifuate mgahawa wenye picha ya tembo ukutani. Ule ni wa wageni, na tembo hajui kupika. Angalia malori ya vitunguu ya Mang'ola yameegeshwa wapi. Dereva wa vitunguu amekuja amemezwa na vumbi, hana subira na supu ya maji."

"Na usafiri?"

"Ukitaka kwenda Mbulumbulu, panda pikipiki jua likiwaka. Mvua ikinyesha, ule udongo mwekundu unageuka sabuni. Utaondoka hapa mweusi, utafika kule rangi ya chungu kipya."

"Mimi naenda Nainokanoka."

"Gari la Nainokanoka halina saa. Usiulize linaondoka saa ngapi, watakudanganya kwa heshima zote. Uliza ni nani bado hajaleta mzigo wake. Mzigo wa mwisho ukifungwa kamba, gari limeondoka."

"Nikae mbele?"

"Mbele ni kwa mgonjwa na mwenye gari. Wewe tafuta akina mama wawili walioshiba vizuri, ujipenyeze katikati yao. Huo ndio mtambo wa joto."

Mteja mmoja akacheka mpaka chai ikampalia. Hyasinta naye akacheka, akaomba makande tena.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kulikuwa na mzee mmoja wa Kimaasai, Lekoko, mteja wa siku nyingi wa Angelina. Alikuwa na chumba chake kando ya uwanja wa mnada wa mifugo kule Nainokanoka, kimekaa bure. Mambo ya ruhusa alikwisha kuyamaliza mwenyewe kwa wanaohusika. Akamwambia Angelina: "Aje huyo ndugu yako, apike mpaka mnada ujao. Watu wakila, chumba ni chake. Wasipokula, yupo bwana wa hapa Karatu anakitaka aweke unga na sukari." Hayo ndiyo masharti, na Hyasinta aliyaona mepesi. Watu wasipokula chakula chake! Tangu lini?

Akapanda gari kama alivyofundishwa, akafika kama alivyofundishwa, joto likiwa limembana kushoto na kulia. Aliposhuka, ukungu ulikuwa umelala juu ya majani kama maziwa yaliyomwagika, na ng'ombe wanatokea humo pembe kwanza, kengele baadaye. Pumzi yake mwenyewe ikamtoka mdomoni kama moshi wa sigara. Akaizima kwa mkono, kwa aibu.

Mtoto mdogo akamjia, akasimama mbele yake, akainamisha kichwa kimya. Hyasinta akadhani kuna kitu kimeanguka. Akainama naye, akaanza kutafuta kwenye majani.

"Umepoteza nini, baba?"

Kicheko kikatoka nyuma yake. Alikuwa mama mmoja mwenye shanga pana shingoni na kibuyu cha maziwa begani. "Hajapoteza kitu. Anakusalimu. Mguse kichwa."

Hyasinta akamgusa. Mtoto akaenda zake ameridhika. Na watoto wengine waliokuwa wamejificha nyuma ya ukuta wakaja wote, kila mmoja na kichwa chake.

Yule mama ndiye Nashipai, jirani yake, muuza maziwa na shanga. Alimfundisha siku hiyohiyo kwamba mwanamke anasalimiwa "Takwenya" na yeye anaitika "Iko", na tangu siku hiyo hakumwita Hyasinta ila Mama Dar. Mpaka jioni mji mzima ulikuwa unamwita hivyo.

Kesho yake Mama Dar akawasha moto. Wali, maharage, chapati za kusukuma, chai ya maziwa yenye tangawizi. Akaweka meza mbele ya mlango, mahali penye mwanga, akaitandika kitambaa cha maua, akaweka benchi. Walimu wa shule wakaja wakala. Madereva wakaja wakala. Lakini walimu ni wachache, na madereva huko hawaji kila siku. Waliojaa njiani walikuwa vijana wa Kimaasai, wamorani, warefu, mashuka mekundu, fimbo mabegani, wanapita asubuhi wakipeleka mifugo na wanapita jioni wakiirudisha. Hao ndio aliowataka.

Akasimama mlangoni, akafanya kama alivyozoea.

"Kaka mrefu! Njoo hapa mbele, mezani, nikuone unavyokula! Wali wa moto huu, ukikataa utauota!"

Wale vijana wakasimama. Wakatazama sufuria. Wakatazamana. Halafu wakavuta mashuka wakaziba midomo, wakaenda zao mabega yakicheza kwa kicheko.

Alikuwepo mmoja aitwaye Supeet. Huyu kila asubuhi alipita peke yake na ndama, na kila asubuhi aliposogea mlangoni ndama walitembea na yeye akasimama.

"Karibu kaka, kaa hapa. Nakupa ya kuonja, bure."

"Asante, yeyo. Nimeshiba." Yeyo ni mama kwa Kimaasai, na alilisema kwa adabu sana. Lakini macho yalikuwa kwenye sufuria, na koo lilikuwa linapanda na kushuka.

Hyasinta akadhani ni nazi. Akaacha nazi. Akadhani ni pilipili, akaacha pilipili. Akaongeza chumvi, akapunguza chumvi, akapika makande kama ya Angelina. Akaita kwa sauti zaidi, akidhani labda upepo unamla maneno. Hapana. Jioni sufuria likawa linageuzwa likiwa zito, na mbwa wa Nashipai wakanenepa mpaka wakawa wavivu wa kumbwekea fisi.

Mzee Lekoko akapita siku moja, akachungulia sufuria kama mtu anayechungulia kisima. "Mnada umekaribia, mama," akasema, akaenda. Siku nyingine akapita na yule bwana wa unga, mnene mwenye koti zuri, Modest kwa jina. Modest akanyoosha mikono kupima upana wa mlango, aone kama gunia litapita kwa upande au kwa kusimama. Akamsalimia Hyasinta kwa upole kabisa. Ule upole ndio ulimuuma.

Ikabaki siku chache tu mnada ufike, Hyasinta akateremka Karatu na gari la asubuhi, akaingia kwa Angelina, akakaa bila kusalimia.

"Narudi Mbagala."

"Kwa lipi?"

"Chakula changu hawakitaki. Vijana wanakikimbia kama dawa ya minyoo."

Angelina akashangaa. "Mbona hapa kwangu wanakula? Wakija mjini wanaingia kile chumba cha nyuma, kundi zima, wanamaliza ugali mpaka naogopa watakula na sinia."

"Ndiyo maana nasema ni chakula changu."

"Mimi sijui, shoga. Sisi Wairaqw tunakula popote penye sufuria. Lakini mtu hafungi jiko siku ya kuamkia sikukuu. Kamalize mnada wako. Ukishindwa, utashindwa ukiwa umesimama." Akaingia jikoni, akatoka na hotipoti kubwa iliyojaa chapati, na juu yake bakuli la maharage mazito lililofungwa vizuri. "Na hii ni ya njiani. Gari hilo halijawahi kufika bila kukwama."

Hyasinta akauliza ni nani hajaleta mzigo wake. Akaambiwa ni mama mmoja na sukari yake. Mama akaja, sukari ikafungwa kamba, Landrova ikaondoka. Dereva aliitwa Tajewo, mtu wa maneno mengi na breki chache. Hyasinta alibanwa katikati ya yule mama wa sukari na Nashipai, aliyekuwa ametoka kuuza shanga. Juu ya magunia walikaa vijana wanne, na mmoja wao alikuwa Supeet. Alipomwona Hyasinta akaangalia pembeni, kama mtu anayekutana na anayemdai.

Wakapita geti la hifadhi, wakapanda msitu, wakashika ukingo wa kreta kukiwa na ukungu mtupu, shimo lote limejaa pamba. Wakakata kuelekea Nainokanoka. Na pale barabara inapoinama kabla ya kupanda tena, Landrova ikaingia kwenye tope, ikaguna, ikakaa.

"Shukeni," akasema Tajewo. "Bibi harusi amegoma kutembea."

Wakashuka. Wakakata majani wakaweka chini ya magurudumu. Vijana wakavua mashuka ya juu wakayafunga kiunoni, wakasukuma kwa wimbo, na akina mama wakasukuma kwa makelele. Gari likapanda kidogo, likarudi. Tope likawaruka mpaka nyusi. Supeet alikuwa amejikita nyuma kabisa, mahali gurudumu linapotemea, na hakuhama. Walisukuma mpaka jua likapenya ukungu, ndipo Landrova ikatoka na kusimama mahali pakavu, na watu wote wakaketi walipo, kama wamemwagwa.

Hyasinta akafungua hotipoti. Harufu ikazunguka. Akampa Tajewo, akampa mama wa sukari, akampa Nashipai. Kisha akachukua chapati nzuri kuliko zote, akaikunja na maharage, akaenda nayo mpaka mbele ya Supeet, akasimama.

"Kaka, umesukuma gari kama fahali. Kula."

Supeet akatazama mawingu.

"Kula, hata tonge moja. Kwa ajili yangu."

Hapo tumbo la Supeet likajibu lenyewe. Lilinguruma, likavuta, likanguruma tena. Hata mama wa sukari aliyekuwa mbali alisikia.

"Tumbo limesema ndiyo!" Tajewo akapiga kelele. "Shahidi mimi!"

"Nimeshiba, yeyo," akasema Supeet, masikio yamemwiva.

Hyasinta akageuka. Machozi yalikuwa yamefika mlangoni. Akarudisha ile chapati, akaiacha hotipoti juu ya jiwe bila hata kuifunga sawasawa. Ikawa bahati Nashipai akamshika mkono. "Twende kujisaidia kabla gari halijaondoka. Lakini hapa hatuendi mmojammoja. Kuna nyati. Piga makofi, na uongee kwa nguvu, nyati apate kujua ni wanawake, atupishe."

Wakaenda watatu hao nyuma ya kilima kidogo, wanapiga makofi kama wako kwenye ngoma, mama wa sukari anamtangazia nyati ukoo wake wote. Hata katika majonzi yake Hyasinta alijikuta anapiga makofi kwa mdundo. Wakamaliza, wakarudi.

Hotipoti ilikuwa palepale juu ya jiwe, imefunikwa vizuri. Hyasinta akaiinua ikaja nyepesi. Akafungua. Hakuna chapati. Bakuli la maharage limesuguliwa likang'aa, mtu anaweza kujitazama meno. Na wale vijana wanne walikuwa wamesimama kwa mstari, wamewapa mgongo, wanachunguza kilima cha mbali kwa makini sana. Supeet alikuwa na mchuzi kidevuni.

"Nani amekula?" Hyasinta akauliza.

Tajewo akainama kukagua tairi ambalo halikuwa na tatizo.

Nashipai akaangalia hotipoti, akaangalia vijana, akamwangalia Hyasinta. Kisha akakaa kwenye majani mabichi anacheka bila sauti, anapiga ardhi kwa kiganja. Alipopata pumzi akasema:

"Mama Dar! Kumbe siku zote hizi ulikuwa unawaita kweli?"

"Sasa nilikuwa nawaita uongo?"

"Unamwita morani aje mezani, mbele ya mlango, peke yake, ale na wewe unamtazama?"

"Ndiyo ukarimu! Atakula mbele ya macho ya nani, kama si ya mpishi?"

"Morani hali mbele ya wanawake," akasema Nashipai, sasa anajifuta machozi. "Wala hali peke yake. Akila peke yake, wenzake watamwimba mpaka azeeke. Wanakula pamoja, mbali na sisi. Na nyama ndiyo usiseme kabisa, hiyo mama mwenye mume hatakiwi hata kuiona."

"Mbona kwa Angelina kule Karatu wanaingia chumba cha nyuma kundi zima, wanakula?"

"Kule mjini nani atawaona? Mama zao wako huku. Na si umesema wanaingia chumba cha nyuma wote? Siku hizi wengine hawajali tena. Lakini hapa Nainokanoka kijana akitafuna mlangoni kwako, mama yake yuko pale ng'ambo anakamua ng'ombe."

"Na wewe, Nashipai, jirani yangu, hukuniambia!"

"Nikuambie nini? Nani asiyejua hili? Mimi nilidhani unawatania! Jioni kwenye zizi tunaigiza sauti yako. Mama yake Supeet ndiye anayejua zaidi." Akasimama, akashika mwiko wa hewani, akaita bonde zima lisikie: "Kaka mreeefu! Njoo nikuone unavyokulaaa!"

Mama wa sukari akaanguka begani kwa Tajewo. Hata ile migongo minne ikaanza kutikisika. Hyasinta alijaribu kununa, akashindwa. Kicheko kilimtoka tumboni, akacheka mpaka akashika jiwe. Aliona asubuhi zote zile: mtoto wa watu anazunguka njia ndefu na ndama wake ili apate tu harufu, na yeye anamshambulia kwa mwiko mbele za watu kama anauza mitumba.

"Mwanangu Supeet," akasema, "nisamehe."

"Maharage yalikuwa mazuri, yeyo," akajibu Supeet, bado anatazama kilima.

Siku zilizobaki kabla ya mnada Hyasinta hakuzitumia kupika, alizitumia kuhamisha. Nyuma ya chumba kulikuwa na uwanja mdogo wenye ua wa miti, na mlango wa kutokea huko uliokuwa umezibwa na magunia. Akayaondoa magunia, akaufungua mlango. Akachukua benchi la mbele akalipeleka nyuma, akaazima mengine, akayapanga yatazamane ili mtu asikae peke yake. Nashipai akamletea turubai kuukuu, wakalifunga kati ya jiko na ule uwanja. Pembeni wakaweka mafiga na kuni kavu, kwa mtu atakayekuja na mbuzi wake: atachinja mwenyewe, atachoma mwenyewe, mpishi hataona wala kuuliza. Yeye kazi yake ni wali, ugali, maharage na chai.

"Na nitawaambiaje?" Hyasinta akauliza.

"Usiwaambie. Weka sufuria nyuma, weka sahani, ondoka. Macho wanayo."

Hapo ndipo Hyasinta alipogundua kwamba kupika ni sehemu rahisi ya kazi hii. Ngumu ilikuwa kunyamaza.

Siku ya mnada watu walitoka kila upande. Ng'ombe, mbuzi, punda waliobeba maji, wauza mashuka, wauza viatu vya matairi, wazee na fimbo zao wanapapasa migongo ya mafahali. Hyasinta aliamka kukiwa bado giza. Akaweka masufuria nyuma, akaja mbele, akakaa karibu na jiko na kuuma upindo wa kitenge chake kila alipoona kundi linapita. Neno "karibu" lilimfika kwenye meno, akalimeza. Likamfika tena, akalimeza tena. Mtu angemwona angedhani jino linamuuma.

Baadaye akasikia kitu nyuma ya turubai. Fimbo zikiegemezwa ukutani. Minong'ono. Kifuniko. Kisha kimya kirefu cha watu wanaotafuna, halafu kicheko kimoja, halafu vicheko vingi. Mkono mrefu wenye bangili ukapenya pembeni ya turubai ukiwa umeshika sufuria tupu, mkono tu, mtu haonekani. Hyasinta akalijaza. Ule mkono ukalichukua. Na baada ya muda ukarudi tena na malipo ya kundi zima, pamoja na sufuria tupu. Moshi wa mbuzi ukaanza kupanda juu ya ua.

Alikuwa anachuja chai kwa furaha alipotazama mbele, akaweka chujio chini. Mbele palikuwa patupu. Meza na kitambaa cha maua, basi. Na ng'ambo ya uwanja Mzee Lekoko alikuwa anakuja taratibu, Modest wa unga pembeni yake, wanatazama mlango usio na mtu hata mmoja. Atamwambiaje mzee kwamba watu wamejaa, ila ni mwiko yeye kuwaonyesha?

Kabla wale wawili hawajafika, Nashipai akatokeza kichwa mlangoni.

"Mama Dar. Wanaume wako nyuma?"

"Wako nyuma."

"Sisi hatuwaoni, wao hawatuoni?"

"Turubai lipo."

"Basi huku mbele ni kwa nani?"

Hyasinta hakuwa amelifikiria. "Kwa... kwa atakayekuja."

Nashipai akageuka akaita kwa Kimaasai, na wanawake wakaanza kuingia. Wakaingia na watoto migongoni, na vibuyu, na shanga zao za kuuza. Walipokosa benchi wakatandika mashuka chini. Miaka yote ya mnada, wanawake wa Nainokanoka walikuwa wanakula wamesimama, nyuma ya punda, kipande cha chapati ndani ya shuka, wakigeuka kila mkwe akipita. Leo wamekaa. Wamenyoosha miguu. Mmoja akauliza kama ni kweli wali huu ukikataa utauota, na chumba kizima kikaitika kwa kicheko. Hyasinta akafungua mdomo wake aliokuwa ameufunga tangu alfajiri, na hakuna aliyekimbia.

Katikati yao alikaa mama mmoja mtu mzima, kichwa kimenyolewa kinang'aa, anakula wali kwa utaratibu mkubwa. Huyu ni Nanyokie, mke mkubwa wa Lekoko.

Lekoko akafika mlangoni na mgeni wake. Akakuta magoti, sahani na watoto mpaka kizingitini.

"Unatafuta nini, baba Mepukori?" Nanyokie akamuuliza, bila kuacha kula.

"Bwana huyu amekuja kuangalia chumba."

"Chumba kina watu. Mwonyeshe kingine."

"Nilisema watu wakila..."

"Na sisi ni nini? Mbuzi?"

Wanawake wakaangua kicheko. Lekoko akakohoa, akazunguka nyuma na fimbo yake. Alikaa huko muda mrefu kwa mtu aliyekwenda kuangalia tu. Aliporudi midomo ilikuwa inang'aa mafuta.

Modest maskini alibaki pale kati. Hyasinta akamhurumia, akampakulia sahani ya wali. Akaipokea, akatazama mbele kwenye wanawake, akatazama upande wa nyuma kwenye wamorani, hakujua ni wapi panapomhusu mtu wa Karatu mwenye koti. Akala amesimama kizingitini, bega moja ndani, jingine nje. Alipomaliza akaomba tena. Akiwa katikati ya sahani ya pili akauliza, mdomo umejaa, unga na mchele mama huyu anavitoa kwa nani, kwa sababu yeye analo gari.

Mzee Lekoko akaingia, akatembea ndani ya chumba, akasukuma ule mlango wa nyuma mara kadhaa, ukafunguka na kujifunga kwa upepo.

"Mama Dar," akasema hatimaye, "mlango huu hauna komeo. Mtu hawezi kukaa na mlango usio na komeo. Kesho nitaleta fundi."

Hyasinta akamtazama, kisha akamtazama Nashipai ili ahakikishe amesikia sawa. Nashipai akatikisa kichwa cha ndiyo, shanga zikalia. Nanyokie akasogea kidogo kwenye shuka alilokalia, akapiga nafasi iliyobaki kwa kiganja, na Hyasinta, ambaye tangu alfajiri hakuwa ametia kitu kinywani, akajipakulia sahani yake mwenyewe, akakaa.